Pakiti Ndani ya Biblia ya Zipu

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimechekwa hadi sokoni nikazoea, lakini ngoja nifike mwisho ndipo uniambie kama kicheko bado kipo. Mimi ndiye yule Mama Ivy wa Kitengela ambaye sigara zilimdondoka mbele ya Pasta na ushirika mzima, sebuleni kwangu mwenyewe, tena siku niliyokuwa nafundisha ubaya wa sigara.

Nilikuwa navuta kwa siri tangu chuoni. Mume wangu, Baba Ivy, ni mzee wa kanisa, na pua yake iliharibiwa na vumbi la huku kwetu (vumbi hilo nimelishukuru kuliko mvua), kwa hivyo nilikuwa navutia nyuma ya nyumba kando ya tangi la maji, natafuna tangawizi, nanawa kwa sabuni ya kufulia, halafu naingia jikoni kusonga ugali kama mtu mwema. Pakiti ilikaa chini ya tangi. Mama Njeri wa duka, ambaye tunaomba naye, nilikuwa nimemwambia ni za Baba Ivy, kwamba anaona haya kuja kununua mwenyewe, tafadhali amtunzie siri. Ndiyo, nilimsingizia mzee wa kanisa. Nilijiambia sigara si bangi, na kwamba naweza kuacha wiki yoyote nikitaka.

Aliyejulikana kwa kuvuta kwetu alikuwa ndugu yangu mdogo, Wekesa. Nilimtoa Bungoma akiwa mifupa mitupu kwa bangi na pombe ya chang'aa, nikampa chumba cha Ivy, nikakaa naye zile siku za kutetemeka na kutapika, namuuguza huku namgombeza. Akaacha. Kweli akaacha. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na Pasta alikuwa amemwahidi kazi ya madirisha ya kanisa jipya, mradi asimame mbele ya ushirika aseme kwa mdomo wake kwamba ameacha. Siku ya kusimama ikawa Jumamosi hiyo, zamu ya ushirika ikiwa kwangu, na kwa vile vijana wa mtaa wameanza kuvuta, Pasta akataka tuanze na maswali kuhusu sigara na dawa za kulevya. Nani atajibu? Mama Ivy, si ndiye aliyemwokoa ndugu yake?

Sasa sikia uamuzi wangu mdogo. Wageni wakija kwangu hunawia mikono pale kwenye tangi, na watoto wao huchokora kila mahali, kwa hivyo nikaichukua pakiti nikaichomeka ndani ya jalada la Biblia yangu, ile ya zipu, nikafunga. Baba Ivy husoma ya Kibukusu, lugha ya kwao, hajawahi kuigusa yangu. Nikaona hapo ni salama kuliko benki.

Maswali yakaanza. Mama mmoja akauliza kama ni kweli sigara moja haina neno. Nikamjibu hakuna kitu kinaitwa sigara moja, ya kwanza huita ya pili. Mwingine akauliza kama mwanawe akiacha ghafla ataugua. Nikasema atakosa usingizi, atakuwa na hasira za ovyo, lakini atapona, ila mlevi wa pombe kali ndiye apelekwe hospitali kwanza. Majibu yote nilikuwa nayo (ungeniona, mkono mmoja kiunoni). Wekesa alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, ndani ya shati la Baba Ivy lililompwaya, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Dada, na mtu akiwa ameacha kabisa, ni nini inaweza mrudisha?"

"Marafiki wabaya," nikasema bila kufikiri. "Watu waongo."

Akaitikia kwa kichwa. Pasta akainuka asome neno kabla Wekesa hajasimama. Pasta husoma kwa simu, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, basi simu ikazima mkononi mwake. "Mama Ivy, nisaidie na yako," akasema, na kabla sijafika alikuwa ameshaichukua mezani na kuvuta zipu. Pakiti ikaanguka kwenye sinia la mandazi, sigara mbili zikachomoka zikabingirika hadi mguuni pa Baba Ivy.

"Ni za Wekesa," nikasema. Sikupanga, naapa, mdomo ulijisemea. "Nilimnyang'anya asubuhi. Sikutaka kumwaibisha."

Wekesa hakukana. Aliniangalia tu, halafu akaangalia sakafu. Pasta akashusha pumzi. "Basi ndugu yangu, hiyo maneno ya madirisha tungoje kidogo. Njoo tukuombee." Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, na mimi pia nikaweka wangu. Kichwa chake kilikuwa cha moto, na niliona aibu, lakini mkono sikuutoa.

Mama Njeri ndiye alishindwa kuvumilia. Ana huruma sana yule mama. "Pasta, ngojeni kwanza. Mnaonea huyu kijana bure. Hizo sigara ni za Baba Ivy, Mama Ivy ndiye humnunulia kwangu. Baba Ivy, si useme tu?"

"Mimi?" Baba Ivy akazitazama zile sigara mguuni pake. Kisha akanitazama mimi, na ushirika mzima ukafuata macho yake. "Mama Ivy, ni zako?"

Nilitaka kusema ndiyo, kikohozi kikanishika, kile cha kila asubuhi ambacho miaka yote nimekiita vumbi, nikakohoa hadi machozi yakatoka, na hilo likawa jibu.

"Wachaneni na yeye," Wekesa akasema taratibu. "Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, ati ni za mtu mwingine." Akafungua mlango akatoka. Pasta alimfuata hadi getini akimwita, akimwambia madirisha ni yake, lakini Wekesa hakugeuka.

Alirudi kesho yake macho mekundu, shati la Baba Ivy likinuka ile harufu ya bangi niliyopigana nayo mwaka mzima, akachukua begi lake. Sasa yuko Illasit, anavuna nyanya katika mashamba ya watu. Nikimpigia simu na kumuuliza kama ameacha, ananiuliza, "Na wewe, dada?" nami namuuliza bei ya nyanya.

Leo sijavuta. Jana nilivuta. Nimeapa sitamtwika mtu mzigo wangu tena, na nikiombwa kujibu maswali ya watu kuhusu sigara, nakataa. Swali moja tu ndilo ningependa kurudishiwa, lile la Wekesa. Aliuliza ni nini kinaweza kumrudisha mtu, na jibu lilikuwa limesimama mbele yake, mkono kiunoni, likimwambia ajihadhari na waongo.