Kitanda cha Mninga cha Mama Bernadeta

Fundi Ferdinand alikuwa keshafika na nyundo yake, na mume wangu alikuwa njiani anarudi kutoka kazini kabla ya muda wake. Nilisimama uani na fagio mkononi, nafagia palepale nilipokwisha kufagia, macho yangu kwenye njia. Kuna mtu alikuwa amempigia simu kumwambia, "Wahi nyumbani, mama yako anavunja kitanda."

Mama yake ndiye mama mkwe wangu, Bernadeta, mtu wa Masasi, tunayeishi naye hapa Chamazi tangu alipofiwa. Ni mdogo wa mwili, ana kifua kibovu, na sijawahi kumwona anajinunulia kitu. Akipewa kanga, kipande kimoja kinakwenda kwa mgonjwa. Mchele wetu wa jioni nimeshaufuata kwa Hamida, jirani yetu, kwa sababu Mama kasikia Hamida kapata wageni, akampelekea. Kitu kimoja tu hakuwahi kukitoa, nacho ni kitanda chake. Marehemu baba mkwe, Mzee Anselmo, alikuwa seremala Chang'ombe, na alikitengeneza kwa mkono wake walipooana. Mninga mtupu, hakina msumari hata mmoja, vipande vinaingiana na kukazwa kwa vigingi vya mti. Kwenye ubao wa ubavuni kuna alama za meno. Ni za Venance, mume wangu, alipokuwa anaota meno.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili moja ya Kwaresima. Kigango chetu, kanisa dogo la mtaani, ni kipya, tofali na mabati tu, na altare yake ilikuwa meza ya plaiwudi iliyovimba kwa mvua. Padre alipoweka kalisi ya divai, meza ikayumba. Aliidaka upesi, lakini divai ilishamwagika kidogo kwenye kitambaa. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wengi hawakuona. Mama aliona. Mie nilikuwa namwangalia yeye. Siku ile chakula hakula.

"Ile ni Damu ya Bwana, Editha," aliniambia. "Inamwagika kwenye meza mbovu, na mie nalala kwenye mninga kama malkia."

Nikajua anaelekea wapi. "Mama, watatengeneza nyingine. Kamati ipo."

"Kamati inasubiri wafadhili. Mie nasubiri nini?"

Akamwendea Padre mwenyewe, akamwambia kitanda chake kifanywe altare. Padre akamwuliza mara mbili kama ana hakika, na mara zote mbili akaitikia. Kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unalo. Kwenye sala za jumuiya, akina mama walinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Bibi anataka kiti cha mbele mbinguni." Mwingine akasema si angekiuza awape yatima, kwani Mungu ana shida na mbao? Mama aliendelea na rozari yake kama hajasikia. Alisikia. Nilimwona ananyanyua kanga na kujifuta macho.

Hamida yeye alimjia kabisa mlangoni.

"We Bibi Bernadeta, kwani Yesu wenu hana pa kulala?"

"Hakuwa napo. Alizaliwa zizini."

"Haya, kalale na wewe zizini. Ukipatwa na kifua usinigongee, mie chai ya tangawizi nimefunga duka."

Wakacheka wote wawili. Mie sikucheka. Masika yalishaanza, na sakafu yetu ikilowa hailowi kwa mchezo, asubuhi unaweza kuchora kwa kidole. Mama alishalazwa kwa kifua hicho, na daktari alituonya kwamba baridi nyingine anaweza asiimudu. Kwa hiyo nilimhofia yeye, na nilimhofia Venance atakayoyasema.

Siku hiyo ya fundi, alipofika hakunisalimia. Alipitiliza chumbani na nguo za kiwandani, unga wa sabuni mpaka kwenye nyusi. Ferdinand alikuwa ameshatoa kigingi cha kwanza. Venance akaketi katikati ya kitanda.

"Fundi, endelea. Anza na miguu yangu."

Ferdinand akaweka nyundo chini. "Braza, mie nimeitwa tu."

"Venance, inuka, mwanangu," alisema Mama.

"Siinuki. Unataka watu waseme nini? Venance kamlaza mama yake chini kama mbuzi?"

"Waseme. Midomo ni yao."

"Na ukiugua, atakubeba nani? Hao wa kamati? Baba alikutengenezea wewe kitanda hiki, hakuwatengenezea wao. Kitu chake gani kingine ninacho mie? Hata kumzika sikuwahi!"

Wakati baba yake anafariki, Venance alikuwa utingo wa lori, anarudi kutoka Tunduma, na alipofika alikuta maua yameshanyauka juu ya kaburi. Nyumbani kwetu jambo hilo halizungumzwi.

Mama hakupandisha sauti. Aligeuka akanitazama pale mlangoni.

"Editha, wewe ulikuwepo. Mwambie, Padre alipomletea baba yake Komunyo ya mwisho aliiweka wapi."

Venance naye akanitazama, kwa jicho ninalolijua. Nikinyamaza, kitanda kitabaki, na Mama atalala pakavu. Ni kunyamaza tu, tena kwa faida yake mwenyewe. Lakini Mama alikuwa ananitazama kama alivyoitazama ile divai Jumapili ile.

"Hatukuwa na meza," nilisema. "Padre alitandika kitambaa cheupe hapo ulipokaa. Ekaristi akaiweka hapo. Mshumaa nilishika mie. Baba akapokea, halafu akashika huo ubao wenye meno yako. Hakuuachia. Akawa anauliza kama lori lako limeshavuka Makambako."

Venance aliangalia chini, mkono wake ukautafuta ule ubao.

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

"Basi kilishakuwa altare siku nyingi," alisema Mama. "Mie nimekilalia kwa kuazimwa. Niache nikirudishe, baba."

Venance aliuachia ule ubao. Kisha akainuka, akapita kando yangu, akatoka nje. Ferdinand akanitazama, hajui afanye nini.

"Gonga," nikamwambia.

Venance alirudi magharibi na pikipiki ya magurudumu matatu, amepakia pallet za kiwandani, zile mbao za kupangia mizigo. Akazipanga chumbani kwa Mama, akazipigilia misumari kwa hasira, misumari mingi kuliko iliyohitajika, akaweka godoro juu. Mama akalala kujaribu.

"Zinanukia sabuni," alisema. "Nitaamka nimetakata."

Venance hakutaka kucheka, akashindwa.

Jumapili ya Matawi Padre aliadhimisha Misa juu ya mninga. Wale akina mama walikuwepo, na najua bado wana la kusema. Kalisi iliwekwa, ikatulia. Venance alisimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka. Watu wote waliinama. Mama akakohoa, mara moja, halafu tena, na mie nikasogea karibu yake nikamwekea kanga yangu mabegani, nikaendelea kusikiliza kifua chake.