Pengwini na Zawadi Aliyoifuta

Mume wangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Pengwini. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya barafu. Ukweli ni kwamba jina limetokana na picha ya huyo ndege aliyoibandika kwenye sanduku lake la vifaa, kwenye mlango wa friji yetu, na kwenye kioo cha chumbani ninapochania nywele. Pengwini ni alama ya Linux, na Linux ndiyo programu inayoendesha kompyuta ya nyumbani kwetu. Haina bei. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuibadilisha atakavyo. Kwa watu wengine hiyo ni habari njema tu. Mume wangu aliichukulia kama amri.

Kazini ana sheria moja ambayo wateja wake wote wanaijua: friji inayogandisha haifunguliwi. Ukimwita aje asikilize mlio tu, ataingiza mkono ndani, atahisi baridi, atafunga mlango na kuondoka. "Inafanya kazi," atakwambia. "Usiichokoze." Akifika nyumbani anaivua sheria hiyo mlangoni pamoja na viatu. Kompyuta ikiwaka vizuri asubuhi, yeye anaingiwa na wasiwasi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Mitihani yangu naiandika kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa programu huria kama zote zilizomo, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu anayehamisha vitu nikiwa jikoni. Kuna siku nilikaa nikakuta kitufe cha kuzimia kompyuta hakipo kwenye skrini. Nikauliza kimekwenda wapi.

"Nimekiondoa," alisema. "Mtu makini hazimi kwa kubonyeza picha, Mwalimu. Anaandika amri."

Nikaenda ukutani nikachomoa waya. Hakunisemesha hadi chakula cha jioni, na hata hapo aliomba chumvi tu.

Sasa nije kwenye zawadi. Mtoto wetu ni mmoja, binti, ni muuguzi na anafanya kazi ng'ambo. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake tochi nyuma ya friji za watu, huku akigombezwa: "Mulika ninapofanyia kazi, si unapoangalia wewe!" Alipopata ajira alijinyima, akanunua kompyuta mpya ya mezani, kisanduku kidogo kama tofali, akampa mtu aliyekuwa akisafiri amletee baba yake. Ilikuja na programu za dukani, zile za kulipia, zikiwa zimeshawekwa.

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mjukuu. Akaipangusa, akaisifu, akaiwasha kuhakikisha haikuumia njiani. Kisha akachomeka flashi yake yenye Linux. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta diski yote. Mwanamume huyu ana hakika siku zote. Jioni ileile Pengwini alikuwa ameshahamia kwenye nyumba mpya.

Kesho yake binti akapiga simu, nami nikaiweka kwa sauti kubwa ili tusikie sote.

"Baba, umeiona video?"

"Video gani?"

"Niliyokuwekea humo ndani. Iko katikati ya skrini, nimeiandika 'Baba, anza na hii.' Nilirekodi usiku kucha, nakosea, narudia."

Mume wangu alitazama dari. "Nimefuta," alisema.

Angeishia hapo huenda yangeisha. Lakini fundi hawezi kukwambia kitu kimekufa bila kukueleza kilivyokufa. Akaeleza. Akaeleza kuhusu virusi, kuhusu kampuni zinazowachungulia watu, kuhusu uhuru wa mwenye kompyuta. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata hukuangalia," alisema, akakata simu.

Tangu hapo hakutaka kuongea naye. Alikuwa akinipigia mimi, na nikimpa baba yake simu, laini inakatika. Mwenzangu naye akaanza kufukua. Kuna programu za bure za kurudisha vilivyofutwa, akazijaribu zote alizosikia habari zake. Zikamletea vijipicha vya matangazo na vipande visivyofunguka. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nikipita sebuleni namkuta ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani, haandiki chochote. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikakumbuka kile kitufe cha kuzimia, nikamkasirikia tena.

"Mpigie umwombe radhi," nilimwambia.

"Kwenye simu siwezi. Mtu anaombwa radhi akiwa anaonekana."

Na mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti naye nilimbembeleza hadi ulimi ukachoka. Mwishowe akakubali tuonane kwa video, Jumapili mchana, kwenye kompyuta ileile ya zawadi.

"Nampa nafasi hii moja, Mama," alisema. "Akianza kunihubiria mambo ya uhuru, nafunga, na usiniombe tena."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili asubuhi niliijaribu kompyuta mwenyewe. Picha ipo, sauti ipo. Nikaenda kuoga nikiwa na amani. Niliporudi, skrini ilikuwa na lile dirisha jeusi analoandikia amri, maandishi yanatiririka.

"Fundi, unafanya nini?"

"Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Sitaki nimsikie mwanangu kwa mkwaruzo. Nimeitoa programu ya sauti iliyokuwepo, naweka nyingine, wenzangu mtandaoni wanaisifu."

"Fundi. Friji inagandisha."

"Hii si friji, Mwalimu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda kupiga pasi.

Saa ilipofika, sura ya binti yetu ikatokea. Amekonda kidogo, nywele amezibana nyuma. Akafungua mdomo, akasema kitu, na kwetu hakikufika chochote. Mkwaruzo kweli ulikuwa umekwisha. Mume wangu akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akachomoa spika, akachomeka, akaipiga kofi dogo. Binti akasema tena, polepole zaidi. Kisha akawa anatutazama tu, na mimi ninayemjua nikaona paji la uso linaanza kujikunja.

"Nakwenda kuchukua simu," nilisema. Ilikuwa chumbani, kwenye chaji.

Nilipokuwa narudi nikamsikia mume wangu anazungumza, nikasimama ukumbini.

"Hunisikii, najua," alikuwa akiiambia skrini. "Sauti imekufa. Asubuhi ilikuwa nzima, nimeiua mimi. Na ile video yako niliiua mimi. Nikasema virusi, nikasema kampuni. Maneno tu hayo, mwanangu. Nilikuwa na haraka ya kuifanya mashine iwe yangu, nikasahau imetoka kwa nani. Nimeitafuta sana. Mpaka leo nikiwasha naitafuta, na najua haipo. Ningekuwa na akili ningekaa kwanza nikakutazama." Akashusha pumzi. "Ona sasa. Yote haya nayasema kwa sababu hunisikii. Ungekuwa unanisikia, saa hizi ningekuwa nakueleza habari za spika."

Nilikuwa na simu mkononi. Sikupiga. Nilimpenda mtu huyo kama siku za kwanza, pamoja na picha zake zote za ndege.

Kwenye skrini binti alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Akainama, akaandika, na pembeni mwa picha yake yakatokea maneno. Mume wangu akatafuta miwani, akaipata kwenye paji lake la uso, akasogea karibu.

*Baba, mimi nakusikia. Nimekusikia tangu mwanzo.*

Aliyasoma. Akayarudia. Masikio yake, ambayo hata mbele ya wakwe hayakuwahi kuona haya, yakabadilika rangi.

"Kumbe maikrofoni iko sawa," alisema. Sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa na mkwaruzo.

Mabega ya binti yakaanza kutikisika, nikashindwa kujua kama analia au anacheka. Kisha akachukua simu yake, akawasha tochi, akaielekeza kwenye kamera. Skrini yote ikawa nyeupe.

"Unanimulika machoni," mume wangu alisema, akijifuta kwa mkono wa shati. "Nimekwambia mara ngapi? Mulika ninapofanyia kazi."

Mwanga ukashuka taratibu hadi chini ya picha, ukatulia. Naye akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akaanza kufuata nyaya za spika moja baada ya nyingine, ingawa tatizo halikuwa kwenye nyaya, na sote watatu tulilijua hilo.