Maji Yaliyotufikia Msimu wa Kahawa

Maganda ya kahawa yakianza kuoza hutoa harufu ya uchachu inayoganda kooni. Msimu wa mavuno huko kwetu Mwika, enzi za Waingereza, harufu hiyo ilijaa migombani tangu asubuhi hadi jioni. Kila nyumba ilimenya na kuosha kahawa yake, na maji yote yalitoka kwenye mfongo, mfereji mwembamba uliochimbwa na babu zetu kuyaleta kutoka mtoni na kuyapitisha shamba kwa shamba. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliishi juu yetu. Maji yalipita kwanza kwake, penye mashine ya kumenyea kahawa na banda la ng'ombe, ndipo yakatufikia sisi.

Kuteka maji ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mama aliniagiza niende alfajiri, kabla watu wa juu hawajaanza kuosha kahawa, nami niliitikia vizuri tu. Lakini mwezi wa saba baridi ya mlimani haina huruma, na mara nyingi nilijikunyata kando ya moto mpaka jua litoke. Maji niliyoleta yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Niliyaacha yatulie, nikamimina ya juu mtungini, na mama hakujua.

Kisha Aminieli, mdogo wangu aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, akaanza kuhara. Siku ya pili macho yake yalikuwa yamezama, na alilia bila machozi. Majirani walimwambia mama asimpe maji, eti yangemzidishia, naye akawasikiliza. Nilimtazama mtoto akilamba midomo, nikaamini kwamba nimemuua. Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu mama alimfunga mgongoni, tukashuka hadi zahanati ya misheni. Mganga wa pale, mzee mwenye koti jeupe lenye kiraka, alimfinya ngozi ya tumbo, akachukua maji yaliyochemshwa, akatia chumvi na sukari kidogo, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko.

"Mama, mtoto anakauka, nanyi mnamnyima maji?" alisema bila ukali. Kisha akauliza tunateka wapi.

Nikaangua kilio. "Ni mimi! Nilichelewa kuamka!"

Mama aligeuka kunitazama. Mganga akaweka kijiko chini. "Binti, wiki hii nimepokea watoto wanne wa mfongo huo huo. Na hao uliwatekea wewe?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi. Ng'ombe wanaingia humo, kahawa inaoshwa humo, na nguo za wagonjwa zinafuliwa humo. Ungeamka na jogoo, bado yangekuwa machafu."

Alasiri Aminieli alikojoa. Mama alipoona kanga imelowa alicheka kwa sauti, kisha akalia, akanivuta nikaegemea bega lake. Kifua changu kilifunguka. Nililala palepale kwenye benchi.

Aminieli alipopata nguvu, mama alifanya jambo ambalo mke wa mdogo mtu hakuzoea kulifanya. Alikwenda kwa baba mkubwa, akasalimia kwa heshima, akasema, "Shemeji, unachoosha hapa ndicho wanachokunywa watoto wa mdogo wako."

Baba mkubwa alinyoosha kidole kuelekea juu, mfongo unakotoka. "Na mimi wa juu yangu wananiletea nini?" akasema. "Mjukuu wangu naye anahara tangu juzi."

Jumapili ile, baada ya ibada, aliwaita wote walioutumia mfongo. Walikubaliana kuchimba mashimo ya kumwagia maji machafu ya kahawa na kuwazuia ng'ombe wasiingie mfongoni. Wengine walivunja ahadi, lakini msimu uliofuata nyumbani kwetu hakuna aliyeugua. Aminieli sasa ni babu mwenye kitambi.

Siku hizi bomba limefika, na dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini inapatikana hata dukani. Nashukuru sana. Lakini bado nasikia mama kijana akikaripiwa kwa uchafu kila mtoto wake anapohara. Nikiwapo, huwa nauliza kwanza maji yake yanatoka wapi, na nani anaishi juu yake.