Kiangazi Mama Aliporudi na Mionzi

Mashudu ya alizeti yakitoka kwenye mashine ya kukamua, yakiwa bado ya moto, yana harufu nzito, tamu kidogo, inayoingia kwenye nguo na kukaa humo. Kwetu Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida, harufu hiyo ndiyo kiangazi chenyewe. Mashine ilikuwa upande wa pili wa barabara, na ule upepo wa mwezi wa saba unaopasua midomo na kutia mchanga hata kwenye uji ulituletea harufu ile asubuhi hadi jioni. Siku hizi mimi mwenyewe nauza mafuta ya alizeti, kwa hiyo pua imeshazoea, na siku nyingi siisikii kabisa. Lakini nikichoka, na kusema kweli siku hizi nachoka sana, hunijia ghafla na kunirudisha kwenye kiangazi kimoja tu, kile ambacho mama yangu alirudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa akitibiwa kwa mionzi, nasi tukamweka nyuma ya jiko.

Nilikuwa kidato cha nne, umri wa kujiona mkubwa huku bado unamlilia mama. Mama alikuwa na saratani ya titi. Walimfanyia upasuaji kwanza, halafu wakampeleka kwenye mashine ya mionzi. Baba ndiye aliyemsindikiza. Alikaa naye siku za mwanzo, kisha akamwacha kwa shangazi, akarudi peke yake kuwahi mavuno. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu maneno ya Baba yalifika nyumbani kabla ya Mama. Alikaa kwenye kiti chake uani akatusimulia, na majirani wakasogea. “Jamani, nimeona kwa macho yangu haya. Wanamlaza mezani, halafu manesi wenyewe wanatoka mbio! Wanafunga mlango mzito, sijawahi kuona mlango kama ule, yeye anabaki mle peke yake, wao wanamchungulia kwenye televisheni. Sasa kama wenye mashine wanaikimbia, sisi ni nani?” Baba hakuwa mtu wa kuzua mambo, na lile alilosema alikuwa ameliona kweli. Basi tukaamini kwamba kile walichokuwa wakikikimbia manesi ndicho Mama angekuja nacho mwilini.

Kilichofanya jambo hili liwe zito zaidi ni mtoto. Wifi yangu Rehema, mke wa kaka yangu, alikuwa amejifungua binti wakati Mama yuko Dar. Mjukuu wa kwanza huyo, na wakampa jina la Mama, Salome. Kaka alikuwa Itigi kwenye kazi za ujenzi, Rehema akabaki nasi, mama mchanga mwenye hofu na kila kitu, hata upepo. Mama alipofika, mwembamba, ngozi ya kifuani imeiva na kuwa nyeusi kama iliyopitiwa na moto, Rehema alimtazama mara moja akarudi ndani na mtoto wake. Kwake yeye ngozi ile ilikuwa ushahidi tosha.

Hakuna aliyemtamkia Mama neno baya hata moja. Laiti wangemtamkia, pengine angegombana nao! Kila kitu kilifanywa kwa adabu. Akisogea jikoni kusonga ugali, anaambiwa, “Mama, wewe pumzika.” Akichukua ungo apepete, “Pumzika, Mama, tutapepeta sisi.” Akatengewa kikombe chake, sahani yake, beseni lake, na kigoda chake nyuma ya jiko mahali upepo usipofika, na tukasema tumemwekea pale asipigwe na baridi. Majirani walimpa shikamoo kutokea ng'ambo ya ua wa minyaa, wakaenda zao. Asubuhi alikuwa akiita kutoka kule nyuma, “Salome kaamka?” na Rehema anamwinua mtoto juu kidogo, kule kwenye mlango wa nyumba, bibi yake amwone. Mama anapunga mkono kama anayemuaga mtu aliye kwenye basi. Halafu anakaa. Mimi niliyekuwa nikimwoshea kile kikombe chake nilikuwa nakasirika mpaka kichwa kinauma, na sikujua namkasirikia nani.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia, Mwalimu Hamisi, mtu mwembamba ambaye pia alifundisha hesabu madarasa yote, na uchovu wake ulikuwa unaonekana hata kwenye mwandiko ubaoni. Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tu. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unateka maji ya jikoni. Basi tukawa tunaimba alfa, beta, gama kama kwaya, hatujui tunaimba nini. Siku moja Mwalimu Hamisi alitusikiliza, akaweka chaki chini, akafunga mlango, akasema, “Haya, sasa tuongee kama watu.” Akatueleza kwamba kila kitu, jiwe, alizeti, ng'ombe, hata mwalimu mkuu, kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na katikati ya kila atomu pana kiini. Viini vingi vimetulia. Vichache vimelemewa, haviwezi kukaa vilivyo, basi hutupa kipande au hutoa nguvu ili vitulie, na hicho kinachotoka ndicho mionzi. Alfa inazuiwa na karatasi. Beta inazuiwa na bati jembamba. Gama inapenya hata mwili wa mtu, na hiyo inataka ukuta mnene wa zege au wa madini ya risasi. Huwezi kujua kiini kipi kitafuata, alisema, lakini kwenye fungu kubwa unaweza kujua baada ya muda gani nusu yake itakuwa imeshatulia, na baada ya muda kama huo tena, nusu ya iliyobaki.

Niliposikia habari ya ukuta mnene niliukumbuka ule mlango mzito aliousimulia Baba. Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, mtu akipigwa mionzi hospitali, akirudi nyumbani anakuwa nayo?” Wenzangu wakacheka, maana wengi walikuwa wanajua habari za kwetu. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, “Wewe ukishinda juani unapalilia, ngozi inaungua, si ndiyo? Ukiingia ndani kwenye giza, unawaangazia wenzako?” Nikasema hapana. “Basi. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Iliunguza ngozi, ikapiga uvimbe, imepita. Wale wanaotoka nje wanatoka kwa sababu wao wako pale kila siku, mgonjwa huyu akitoka anaingia mwingine, na wao si wagonjwa. Waipokee ya nini?” Nikaona kama nimetuliwa mzigo. Lakini akaendelea, maana alikuwa mtu wa haki. “Ila kuna tiba nyingine. Kuna mtu anapewa dawa yenye mionzi ameze, au anawekewa kitu ndani. Huyo anaweza kuambiwa akae mbali na watoto kwa muda. Mama yako alifanyiwa ipi?” Nikasema sijui. “Nani anajua?” Nikasema Baba. “Baba yako alikuwa ndani ya kile chumba?” Nikatikisa kichwa. “Basi kamuulize aliyekuwa ndani.”

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeduwaa, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba tangu Mama ashuke kwenye basi, katika nyumba nzima, hakuna mtu aliyemuuliza alifanyiwa nini. Nilimkuta kule nyuma ya jiko amejifunika kanga mbili. Nikaketi chini karibu naye, karibu kabisa, na nilimwona akishtuka. “Shikamoo, Mama.” “Marahaba. Mbona umekaa hapo?” Nikamuuliza kama alimezeshwa dawa au aliwekewa kitu mwilini, au ilikuwa mashine tu. Akasema ilikuwa mashine tu, inazunguka juu yake na kulia kidogo, wala husikii maumivu. Mbaya ni kulala pale peke yako. Ikizimwa mlango unafunguliwa na nesi anaingia, anamwinua, anamfunga kanga, anamuuliza amelalaje. “Alikuwa na mimba kubwa yule binti. Ananishika hivi, tumbo lake linanigusa hapa. Na siku ya kuondoka daktari akaniambia, Mama, nenda kaishi na watu wako. Nikarudi, nikakuta mmeniwekea kikombe.”

“Mbona hukusema, Mama?”

“Nimwambie nani, Eliza? Wanaoniambia nipumzike? Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ningekuwa na nguvu ya kubishana ningeitumia kusonga ugali.”

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilimwendea Baba uani na daftari langu la fizikia na nikamweleza yote, jua, ngozi, mashine kuzimwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Hilo daftari lako lilikuwepo pale mlangoni manesi wanakimbia?” Nikaanza kulia kwa hasira. Hapo Mama akatokea, amekuja polepole akishika ukuta, akasimama katikati ya ua ambako hakuwa amesimama kiangazi chote. Hakumtazama Baba. Alimtazama Rehema aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni. “Nesi aliyekuwa akinivalisha alikuwa mjamzito,” akasema. Rehema akamuuliza taratibu, “Mimba ya kiasi gani, Mama?” “Tumbo lilikuwa limeshashuka. Ya leo au kesho.” Wala si fizikia iliyomshawishi Rehema, ni tumbo la yule nesi. Alifungua mbeleko pale pale, akamteremsha mtoto, akaja naye.

Mama alinyoosha mikono, na ule mkono wa upande wa ugonjwa haukufika. Ulikuwa umevimba na kukakamaa. Tukamkalisha, tukamwekea mto, tukamlaza Salome mapajani. Mama akamnusa kichwani, akacheka kidogo, akamwita kwa jina ambalo ni lake mwenyewe. Tulikuwa hata hatujamaliza kufurahi aliposema, “Mchukueni. Mkono umeishiwa nguvu.” Aliporudi kutoka Dar alikuwa anaweza kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, nilimwona. Zile siku alizokuwa na nguvu za kubeba mtoto ndizo tulizomwambia apumzike. Bado inaniuma, na sidhani kama nitaacha kuumia.

Saratani ilihamia kwenye mifupa, na Mama alifariki mvua zilizofuata. Mtihani wa fizikia nilipata D, nami nashukuru hata hiyo. Salome sasa ni msichana mkubwa, ana wadogo zake, na hamkumbuki bibi yake hata kidogo. Mwaka jana ikawa zamu ya Baba. Saratani ya tezi dume, na mashine kama ile ile, huko huko Dar. Siku hizi mambo ni mepesi. Kabla hajapanda basi kurudi, wajukuu walikuwa wameshasoma kila kitu kwenye simu, na aliposhuka stendi walimrukia mzigo haujateremshwa. Nyumbani yule mdogo kabisa alimpanda kifuani akasinzia. Nilipompelekea uji nilimkuta Baba amelala chali vile vile, macho wazi, anaogopa hata kukohoa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Eliza, mama yenu aliwahi kulaliwa na mtoto hivi?”

Nikamjibu, “Hapana, Baba.”

Akageuzia uso wake ukutani, taratibu, ili mtoto asiamke.