Kibao Kipya, Stoo Ileile

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nimesimama barabarani pale Nyamagana, shingo nimeinua, namtazama mchoraji akifuta jina la kampuni yetu kwa mara ya tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nacheka kwa furaha, kwa sababu jina jipya nilikuwa nimelitunga mimi. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi. Nitakusimulia kwa hasira na sitaomba radhi. Hasira hii nimekaa nayo miaka mingi, na bado haijapoa.

Kampuni yetu ilitunza kompyuta za watu wengine. Shule, maduka ya jumla, vituo vya afya, wote wasiokuwa na fundi wao walitukabidhi sisi kazi hiyo. Mwanzoni kibao kilisema "Mafundi Kompyuta", na hilo lilikuwa jina la kweli, maana fundi alikuwepo: Mzee Masanja, Msukuma mpole, vidole vimejaa makovu ya bisibisi. Kisha bosi wetu, Bwana Deo, akarudi kutoka Dar akisema fundi ni neno la kishamba. Tukawa "Watoa Huduma za TEHAMA". Mwaka haujaisha tukawa "Washauri wa Suluhisho". Mimi ndiye niliyeandika barua na vipeperushi, binti wa Kihaya aliyesoma, mjuzi wa kupanga maneno. Asubuhi ile ya masika tukawa "Washirika wa Mageuzi ya Kidijitali", na chini yake, kwa herufi za buluu: "Tunahifadhi Winguni."

Majina manne, mwanangu, na fundi ni yuleyule mmoja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulitembeza mpaka soli zikaisha.

Wingu la kweli lipo, usinielewe vibaya. Ni kompyuta kubwa za watu walio mbali, na kila kitu kinanakiliwa zaidi ya mahali pamoja. Sisi hatukuwa nalo. Wingu letu lilikuwa kompyuta moja chini ya meza ya stoo, kando ya ndoo za kupigia deki. Nilijua. Nilipita hapo kila siku kuchukua karatasi.

Na Mzee Masanja aliniambia waziwazi. "Binti, ile mashine ya stoo imechoka. Haina nakala popote. Ikifa, inakufa na vyote."

"Mzee, siku hizi watu wanataka maneno mazuri," nikamjibu.

Akachukua bisibisi yake, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo niliandika barua kwa kituo kimoja cha afya upande wa Buswelu: "Hamtahitaji tena mafaili ya karatasi. Kumbukumbu zenu ziko salama winguni milele." Milele! Nililiandika neno hilo kwa mkono wangu huu. Muuguzi mkuu wao, Mama Felista, aliniamini. Kumbukumbu zikaingizwa kwenye mashine yetu, na mafaili yakachomwa moto nyuma ya kituo.

Miezi mitano baadaye mashine ikazima, ikagoma kuwaka. Mzee Masanja alihangaika nayo siku tatu bila mafanikio. Siku ya pili kati ya hizo, mwanamke aitwaye Minza aliletwa kituoni akiwa na homa kali, hajitambui. Mumewe alikuwa Kisesa kwenye mnada wa ng'ombe. Majirani waliomleta walijua jina lake tu. Faili lake la zamani lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asichomwe penisilini, kwa kuwa mwili wake unaikataa. Lakini faili lilishakuwa majivu, na kwenye skrini hapakuwa na kitu. Nesi akamchoma. Uso ukavimba, pumzi zikakatika. Walimkimbiza hospitali kubwa, akapona. Mimba yake ya miezi sita haikupona.

Mumewe, Shija, alikuja ofisini siku chache baadaye, gambuti zimejaa matope, ameshika barua yangu aliyopewa na Mama Felista. Hakupiga kelele.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Nioneshe hilo wingu."

Bwana Deo akadakia, "Ndugu yangu, hili ni suala la kitaalamu, miundombinu yetu..."

"Dada, nimekuuliza wewe," Shija akasema, bila hata kumtazama bosi.

Nikainuka, nikamfungulia stoo. Akaitazama ile mashine iliyofumuliwa, akaitazama meza, akazitazama ndoo.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Akaikunja ile barua. Kisha akasema, "Si mngesema tu ni stoo. Stoo tunaijua. Tusingechoma karatasi."

Alipoondoka, Bwana Deo alifunga mlango akaniambia, "Koku, jina limechafuka. Nitafutie jingine kabla ya Ijumaa."

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, mwanangu. Nilikaa nikaandika orodha ya majina mapya. Damu ya watu ilikuwa haijakauka, na mimi natafuta neno tamu! Mzee Masanja akanikuta nayo ile orodha. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mpaka siku ile.

"Umepewa kalamu, unaifanya shuka la kufunikia maiti! Kinyonga akibadili rangi amekuwa ndege? Mimi kesho nakwenda kwa Mama Felista tuanze kuandika upya. Wewe baki hapa utafute jina."

Nilimchukia dakika kumi nzima. Halafu nikaichana ile karatasi, na kesho yake nikamfuata.

Wiki tisa tulizunguka Buswelu nyumba kwa nyumba na madaftari ya shule, tukiuliza kila mtu maradhi yake na dawa zinazomdhuru. Wengine walitufukuza, na walikuwa na haki. Kwa Minza nilitaka kupiga magoti. Hakunipa nafasi. Alivuta kigoda, akataja jina lake, umri wake, kisha akasema, "Andika kwa nyekundu." Basi. Nikaandika.

Bwana Deo alipata mwandishi mwingine. Kibao cha tano kikapanda.

Majuzi tu, binti mmoja nadhifu alikuja parokiani kwetu kutuuzia "mfumo wa akili unde". Nikamuuliza: ukiharibika, anayekuja kuutengeneza anaitwa nani? Akatabasamu, akaendelea na picha nyingine ya mashine yake ya kuoneshea ukutani. Nilimfokea hadi padre akaniletea maji.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu akikuletea jina jipya, usiulize maana yake. Uliza kitu chenyewe kiko wapi, ukakione kwa macho yako, na umjue kwa jina atakayekuja kikivunjika. Usichome cha zamani kabla hujakijaribu kipya. Na kama wewe ndiye mwenye kalamu, ole wako ukikipa jina kitu ambacho hakipo! Uongo wa mjinga hudhuru wachache. Uongo wa msomi huaminiwa na kijiji kizima. Ukikosea, usikimbilie kujisafisha. Nenda kwa uliyemuumiza, ukafanye kazi, hata asipokusamehe. Mimi sikusamehewa, na sijawahi kudai.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mzito wa kuahidi na mkono mwepesi wa kutenda, na akukalishe karibu na wazee wasioogopa kukugombeza.