Lundo la Mawe la Bhekizenzo

Kazi ya Bongekile Ngcobo ni kusukuma kigari cha rada. Mjini Durban hutafuta mabomba ya maji na nondo zilizojificha ndani ya zege, wachimbaji wasije wakaharibu. Kigari hutuma mawimbi ardhini, naye husoma kwenye kioo yanayorudi. Vusumuzi, mwenzake anayechomeka vibendera vya alama, humtania kwamba ndiyo maana hajaolewa: mwanaume gani atakubali mke asiyeweza kufichwa kitu?

Safari hii walitumwa kwenye mashamba ya miwa alikozaliwa. Barabara mpya inapita pale, na makaburi ya vibarua lazima yahamishwe. Mama yake, MaZungu, alikuwa ameshatandika mkeka kando ya lundo la mawe alilolijua kuwa kaburi la mumewe, Bhekizenzo.

Bhekizenzo alifariki wiki ile ile aliyozaliwa Bongekile, na MaZungu hakuyaona mazishi. Alipopata nguvu za kutembea, msimamizi wa shamba alimnyooshea fimbo kutoka langoni: "Pale." Hata kushuka kwenye farasi hakujisumbua, mwanaharamu yule. MaZungu akaja na tawi la mkunazi wa mwitu, ambalo kwa desturi hubeba roho ya marehemu, akamwita mumewe kwa majina ya ukoo, akampeleka nyumbani bila kusema na mtu njiani, na kwenye basi akamlipia kiti chake. Sasa alitaka mifupa, aizike nyumbani kabla na yeye hajafa.

"Anza na baba yako, mwanangu," alisema.

Bongekile akapitisha kigari mahali palipokuwa na lundo, mawe yakiwa yameshaondolewa. Akarudia, akabadili upande. Tabaka za udongo kwenye kioo zilinyooka bila kukatika. Pale hapakuwahi kuchimbwa.

"Vipi, dada, nichomeke?" Vusumuzi akanong'ona.

Moyo ulimwambia aitikie. Lakini wachimbaji wangekuja, na mama yake angesimama pale kuangalia shimo tupu. Akatikisa kichwa. Wakasogea hadi kwenye mikaratusi, na huko udongo ulikuwa umekatika: makaburi sita, yamepangana, yote sawasawa. Rada hujua palipochimbwa. Aliyelala humo haimjui.

Akarudi, akachutama mkekani.

"Mama, hapa hakuzikwa mtu. Labda baba ni mmoja wa wale sita kule. Yupi, siwezi kujua."

MaZungu aliokota majani makavu mkekani, moja moja.

"Kwa hiyo nilimpeleka nani nyumbani?"

"Sijui, Mama." Bongekile akalia mbele ya mwenzake, wala hakujifuta.

Jioni, nyumbani, MaZungu alipiga magoti mwisho wa nyumba ya duara, mahali pa waliotangulia, na chungu cha bia mkononi. Akaanza majina ya ukoo kama siku zote, akakwama.

"Wewe uliyekuja," alisema, "utusamehe. Miaka yote tumekuita kwa jina la mtu mwingine, nawe ukawa unaitika. Kunywa. Na kama una mke anayekutafuta, mimi sikukusudia kumwibia."

Kisha akageukia mlangoni, akaanza kumwita Bhekizenzo upya.