Akaunti ya Mheshimiwa Imerudi, ya Mama Keki Bado

Saa mbili asubuhi, Mama Keki anapaka krimu kwenye keki ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Dirisha la jikoni liko wazi na unga umemfika mpaka kwenye nyusi. Akimaliza, anaigeuza keki taratibu kuelekea mwanga, anachukua simu, anapiga picha ya mbele, ya ubavuni na ya juu. Halafu anakumbuka. Anailaza simu kifudifudi na kusonya.

"Mkono umezoea," anasema. "Napiga picha nikaiweke wapi?"

Kwa miaka minane ukurasa wake mtandaoni ndio uliokuwa duka lake. Mengine yote ni jiko la nyumbani, mashine ya kukorogea, na nyingine ya kuchapa picha kwenye karatasi ya kulika, ile inayomwezesha kuweka sura ya bibi harusi juu ya krimu na wageni wakaila bila wasiwasi. Wateja walimwona huko mtandaoni, wakaagiza hukohuko. Wiki nzuri alioka keki kumi na mbili. Wiki hii ana mbili, na moja ni ya jirani wa ukuta kwa ukuta.

Kisa chenyewe kinaudhi, tena kinachekesha, ila ukicheka mbele yake utajuta.

Mwaka jana shemeji yake, kaka wa mumewe, fundi wa magari na mfuasi wa chama wa kufa na kupona, alimletea oda: keki ya siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa, mwanasiasa anayempenda kuliko anavyowapenda ndugu zake. Mama Keki akachapa sura ya mkubwa huyo, akaibandika juu ya keki, akapiga picha kama kawaida na kuiweka kwenye ukurasa. Chini aliandika: "Vanila, ghorofa tatu."

Miezi michache baadaye Mheshimiwa aliandika mtandaoni maneno ya kuwachochea watu wapigane. Kampuni ya mtandao ikamfungia, ikatangaza kwamba na wanaomtukuza watafungiwa. Kesho yake ukurasa wa Mama Keki haukufunguka.

"Yeye kafungiwa kwa maneno yake, sawa," anasema, mwiko mkononi. "Mimi nilisema nini? Nilisema vanila."

Alikata rufaa. Mashine ikamjibu kwamba ombi limepokelewa, kisha mashine hiyohiyo ikamjibu kwamba limekataliwa. Mara ya tatu alitakiwa kutuma picha yake, uso uonekane vizuri, ithibitike kuwa ni mtu kweli. Binti yake akampiga picha jikoni, kitambaa kipya kichwani, kasimama wima kama anayeomba pasipoti.

Hakuna aliyeangalia friji. Waokaji wa keki za picha huchapa ya kwanza kwa majaribio, waone rangi, kisha huibandika kwenye mlango wa friji na kuisahau. Nyuma ya bega la Mama Keki, meno yote nje, alikuwepo Mheshimiwa.

Rufaa ilitupwa siku ileile.

"Mama, mimi nilikuwa naangalia uso wako," binti anajitetea hadi leo.

"Na kampuni ikaangalia wa mwenzangu," mama anamjibu.

Mtaani nako hakukaliki. "Wa upande ule hawanunui tena, wanasema mimi ni wa chama," anaeleza. "Wa upande huu wananiita kamanda. Nao hawanunui."

Wiki iliyopita Mheshimiwa aliomba radhi kwa mistari miwili, akarudishiwa akaunti yake na wafuasi wake wote. Mama Keki angeomba radhi hata kwa kurasa kumi, ila hajui aombe radhi ya nini, wala hakuna aliyemuuliza.

Tukiwa bado jikoni, shemeji anaingia na ovaroli yake ya gereji, uso umemchangamka.

"Shemeji, nimekuletea neema. Vijana wa chama wanataka keki ya kusherehekea akaunti kurudi. Ghorofa nne, na sura yake juu."

Mama Keki anaweka mwiko chini. "Kwanza mwambie mkubwa wako aandike kwenye ukurasa wake kwamba mimi ni muoka keki tu. Neno moja lake labda watanifungulia."

Shemeji anakuna kisogo. "Nilishawaomba hilo. Wamesema mkubwa hana nafasi ya mambo madogo."

"Mambo madogo," anarudia polepole. "Basi waambie na oveni yangu haina nafasi."

Ghorofa nne ni zaidi ya kazi aliyoifanya mwezi huu mzima, na analijua hilo kuliko yeyote. Shemeji akishatoka, Mama Keki anachukua kitambaa na kuifuta meza kwa nguvu. Amekasirika, na anaogopa pia. Hafichi.

Mpango wake sasa ni kibao cha mbao pale njia panda, magari yanapopunguza mwendo. Mchoraji ameshaanza kazi.

"Aliniuliza achore na mtu anakula, ili kivutie," anasema, akilifunga boksi la keki ya mtoto. "Nikamwambia sitaki sura ya mtu yeyote. Chora keki."